Lazare Ponticelli: Askari Mkongwe Aliyetunza Ahadi kwa Wenzake Waliokufa

Kila mwaka, tarehe 11 Novemba, katika mji wa Le Kremlin-Bicêtre ulio pembezoni mwa jiji la Paris nchini Ufaransa, mzee mmoja alitoka nyumbani kwake na kwenda kusimama mbele ya mnara wa kumbukumbu ya watu waliokufa vitani. Miguu yake ilizidi kudhoofu mwaka hata mwaka, lakini aliendelea kwenda. Mwaka 2007, akiwa anakaribia kutimiza umri wa miaka 110, alikwenda tena. Jina lake lilikuwa Lazare Ponticelli. Miezi michache baadaye alibaki peke yake: askari wa mwisho miongoni mwa askari zaidi ya milioni 8 waliopigana chini ya bendera ya Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Katika mwezi huu ambao Mama Kanisa anatualika kuwakumbuka na kuwaombea marehemu wote, nimeona ni vyema tuyatafakari pamoja maisha ya mzee huyu. Hakuwa padre wala mtawa, na Kanisa halijamtangaza kuwa mtakatifu. Alikuwa mfanyakazi wa mikono aliyejikuta vitani akiwa kijana, akanusurika, akaishi kuliko wenzake wote. Hata hivyo, namna alivyowakumbuka wafu, na namna alivyoukataa utukufu ambao serikali ilitaka kumpatia, ina funzo kubwa kwa kila mwamini anayepeleka jina la marehemu wake altareni.

Utoto wa njaa

Lazare alizaliwa mwezi Desemba 1897 huko Bettola, mkoa wa Piacenza, kaskazini mwa Italia, katika nchi ya milima ambayo ardhi yake haikutosha kuwalisha wenyeji wake. Wazazi wake walimpa jina la Lazzaro, ambalo kwa Kiswahili tunasema Lazaro. Msomaji wa Injili atakumbuka kwamba wako akina Lazaro wawili: yule maskini aliyelala mlangoni pa tajiri akitamani makombo, na yule rafiki wa Yesu aliyeitwa atoke kaburini. Mtoto huyu wa Bettola alianza maisha yake akifanana na yule wa kwanza.

Baba yake alikuwa seremala, na wakati mwingine alifanya vibarua katika minada ya mifugo. Mama yake aliitunza familia ya watoto saba, na kila msimu ulipofika aliteremka kwenda kufanya kibarua katika mashamba ya mpunga ya bonde la mto Po. Pamoja na jitihada hizo zote, chakula hakikutosha. Mama akaamua kwenda Ufaransa kutafuta riziki. Kisha mapigo yakafuatana: baba akafariki dunia, na kaka mkubwa, aliyekuwa tegemeo la nyumba, naye akafariki. Ndugu waliobaki wakaondoka kwenda Paris. Lazare, kwa kuwa alikuwa mdogo, akaachwa kijijini mikononi mwa majirani.

Tangu akiwa na umri wa miaka 6 alilazimika kufanya kazi. Alichunga ng'ombe na kusaidia kutengeneza viatu vya mbao. Shuleni hakukaa muda wa kutosha hata kujua kusoma. Lakini moyoni alikuwa na nia moja: kuwafuata ndugu zake. Akaanza kunasa ndege na kuwauza, akiweka akiba senti moja baada ya nyingine mpaka ikatosha kununua tiketi ya treni. Akiwa na umri wa miaka 9 alitembea kwa miguu zaidi ya kilomita 30 kutoka kijijini hadi kituo cha Piacenza, akapanda treni, akaenda Paris. Alifika katika jiji kubwa la ugenini bila kujua neno la Kifaransa.

Huko alifanya kazi ambazo watoto wa wahamiaji maskini walizifanya. Alikuwa msafishaji wa mabomba ya moshi, kazi ya kupenya katika dohani nyembamba na kutoka mweusi kwa masizi. Baadaye akauza magazeti mitaani. Alipotimiza umri wa miaka 13 alipata kibali rasmi cha kufanya kazi, na mapema kabisa akaonesha kipaji cha kujitegemea: pamoja na wenzake wawili akaanzisha kikundi chao cha kusafisha mabomba ya moshi.

Tunaposoma habari hizi, ndugu msomaji, tusifikiri ni hadithi ya Ulaya pekee. Wapo watoto katika miji yetu leo ambao wamefika kwa basi kutoka vijijini, wanauza karanga na mifuko kwenye stendi, na hakuna ajuaye kilichowatoa nyumbani. Mtoto anayetupita barabarani akiwa amebeba beseni kichwani anaweza kuwa ametembea safari ndefu kama ile ya Lazare.

Shukrani iliyompeleka vitani

Vita vilipozuka mwezi Agosti 1914, Lazare alikuwa na umri wa miaka 16. Hakuwa raia wa Ufaransa, na hakuna sheria iliyomdai aende kupigana. Lakini alikwenda kujiandikisha kwa hiari, akadanganya umri wake ili apokelewe. Miaka mingi baadaye alieleza sababu yake kwa unyofu mkubwa: Ufaransa ilimpa chakula alipokuwa na njaa, naye aliona kuitetea ndiyo njia yake ya kusema asante.

Aliingizwa katika Jeshi la Kigeni la Ufaransa, kwenye kikosi kilichokusanya wajitoleaji wa Kiitaliano. Kikosi hicho kiliongozwa na mjukuu wa Giuseppe Garibaldi, yule shujaa wa umoja wa Italia. Kaka yake Lazare aitwaye Céleste alikuwa humo pia. Walipelekwa katika eneo la Soissons, kisha katika misitu ya Argonne, ambako wanajeshi wa pande mbili walikuwa wamejichimbia katika mahandaki na kutazamana kwa umbali mfupi. Wafaransa waliwaita askari wao wa mahandakini kwa jina la poilu, yaani mtu mwenye manyoya, kwa sababu ya ndevu zao. Lazare hakuwa na ndevu. Alikuwa bado mtoto.

Kazi zake za kwanza zilikuwa kuchimba mahandaki na kuzika maiti. Humo Argonne ndimo lilimotokea jambo ambalo hakulisahau maisha yake yote. Askari mmoja wa Kifaransa alijeruhiwa mguuni na kunaswa katika seng'enge, kati ya mahandaki ya pande mbili. Alilia akiomba msaada, na wabeba machela hawakuthubutu kutoka kwa sababu ya risasi. Lazare akashindwa kuvumilia kilio kile. Akatoka akitambaa, mkononi ana mkasi wa kukatia waya.

Njiani alimkuta kwanza askari wa Kijerumani aliyejeruhiwa. Mjerumani yule, akiamini kwamba saa yake imefika, alimwonesha vidole viwili. Lazare akaelewa: ana watoto wawili. Akamvuta hadi karibu na mahandaki ya wenzake, ili Wajerumani waje kumchukua. Kisha akaendelea hadi kwa yule Mfaransa, akamkata kutoka katika waya, akamburuta hadi mahali salama. Mfaransa yule alimkumbatia na kumshukuru kwa niaba ya watoto wake wanne. Lazare hakuwahi kujua watu wale wawili waliishia wapi.

Msamaria Mwema wa Injili hakumwuliza mtu aliyelala kando ya njia kwamba ni wa kabila gani. Kijana yule mwenye masizi ya Paris katika kucha zake hakuuliza vazi la kijeshi alilovaa majeruhi. Aliona vidole viwili na akasoma ndani yake ujumbe ambao maofisa wake hawakuwa wamemfundisha: huyu ni baba wa watu.

Mkate na tumbaku milimani

Mwezi Mei 1915 Italia nayo iliingia vitani upande wa Ufaransa na Uingereza. Kwa kuwa Lazare alikuwa raia wa Italia, alitakiwa kuhamia jeshi la nchi yake. Yeye hakutaka, alitamani kubaki na wenzake. Ilibidi askari polisi wawili wamsindikize hadi mji wa Torino, ambako aliingizwa katika kikosi cha tatu cha Alpini, askari wa milimani. Akapelekwa katika Milima ya Alpi, kwenye kilele cha Pal Piccolo, kupigana na askari wa Dola ya Austria-Hungaria.

Kule juu vita vilikuwa pia na baridi na theluji. Lazare alikuwa mpigaji wa bunduki ya rashasha. Katika shambulio moja alijeruhiwa vibaya usoni, damu ikamchuruzika hadi machoni, lakini akaendelea kuishikilia silaha yake mpaka upande wa pili ukapeperusha kitambaa cheupe. Baada ya hapo alipelekwa hospitalini, akatibiwa, akarudishwa tena vitani.

Milimani humo humo, kwa muda wa wiki tatu hivi, vita vilisimama bila amri ya mtu yeyote. Miongoni mwa Alpini walikuwapo waliojua Kijerumani, na hivyo wakaweza kuzungumza na askari wa Austria waliokuwa ng'ambo. Waitaliano walikuwa na mikate, Waaustria walikuwa na tumbaku. Wakaanza kubadilishana. Wakapigana picha. Wakakubaliana wasipigane risasi. Habari zilipowafikia wakubwa, kikosi cha Lazare kilihamishwa na kupelekwa mahali penye mapigano makali zaidi. Kosa lao lilikuwa kumega mkate pamoja na watu waliotakiwa kuwaua.

Siku hizo Baba Mtakatifu Benedikto XV, aliyechaguliwa mwezi Septemba 1914 wakati vita vimekwisha kuanza, alikuwa akiwasihi watawala waache kumwaga damu. Tarehe 1 Agosti 1917 aliwaandikia wakuu wa mataifa yote yaliyokuwa vitani, akipendekeza njia ya haki ya kufikia amani. Hawakumsikiliza. Askari wa Pal Piccolo walikuwa wamekwisha kugundua, kwa akili ya kawaida ya watu wenye njaa, kwamba jambo analoliomba Papa lawezekana.

Mwaka 1918 kikosi cha Lazare kilishambuliwa kwa gesi ya sumu. Mamia ya wenzake walikufa, yeye akapona. Mwezi Novemba mwaka huo silaha zikanyamaza, lakini jeshi halikumwachilia mpaka mwaka 1920. Alikuwa ameingia vitani akiwa na umri wa miaka 16. Alitoka akiwa na miaka 22, mwenye kovu usoni na majina ya wafu kichwani.

Kazi ya mikono

Lazare alirudi Paris, jiji lililompokea utotoni. Mwaka 1921, yeye pamoja na ndugu zake Céleste na Bonfils, walianzisha kampuni waliyoiita Ponticelli Frères, yaani Ndugu Ponticelli. Walianza na kazi waliyoijua, kujenga na kukarabati mabomba ya moshi ya viwandani, kisha wakaingia katika kazi za mabomba na vyuma vya viwanda. Kampuni ilikua pole pole mpaka ikawa na wafanyakazi maelfu kadhaa, na ingali inafanya kazi hata leo.

Mwaka 1939 alipewa uraia wa Ufaransa. Vita vya Pili vilipoanza mwaka huohuo alijitolea tena, lakini alikwisha kupita umri wa kupigana, hivyo aliachwa aendelee na kampuni ambayo kazi zake zilihitajika kwa taifa. Wajerumani walipoivamia Ufaransa, aliwasaidia watu wa harakati za siri zilizopinga uvamizi. Mwaka 1960 alistaafu, akakaa kwa utulivu na familia yake huko Le Kremlin-Bicêtre. Alikuwa na umri wa miaka 62. Watu wengi katika umri huo huhesabu miaka michache iliyobaki. Yeye alikuwa na miaka mingine karibu 48 mbele yake.

Katika miaka hiyo mirefu aliona wenzake wakiondoka mmoja mmoja. Mwaka 1995 Ufaransa iliwatunukia nishani ya Légion d'honneur askari wa Vita Kuu ya Kwanza waliokuwa bado hai, naye akiwemo. Vijana walikuja kumsikiliza, na wanafunzi walikaa mbele yake. Kila alipoulizwa kuhusu vita, hakuvipamba. Alisema wazi kwamba vita ni upumbavu. Hakuelewa kwa nini alipaswa kumpiga risasi mtu asiyemfahamu, ambaye naye ni baba wa watoto. Mtu aliyeshika bunduki kwa shukrani na kwa ushujaa, na aliyekuwa na haki ya kujisifu, alifikia hitimisho hilo na kulirudia hadi mwisho.

Heshima aliyoikataa

Mwaka 2005, walipokuwa wamebaki askari wachache tu wa vita vile, Rais wa Ufaransa wa wakati huo, Jacques Chirac, alipendekeza kwamba yule atakayekuwa wa mwisho kufariki afanyiwe mazishi ya kitaifa. Nia ilikuwa njema. Taifa lilitaka kuwaenzi wote kwa kumwenzi mmoja.

Lazare Ponticelli alikataa. Hakutaka fahari ya taifa imwangukie mtu mmoja kwa sababu tu ameishi sana. Kwa mtazamo wake, kusubiri hadi abaki mmoja ndipo heshima itolewe kulikuwa ni kuwatukana wale wote waliokufa bila heshima yoyote, wale aliowazika kwa mikono yake katika udongo wa Argonne. Ufaransa ilipoteza takribani askari 1,400,000 katika vita vile. Alijiuliza kwa nini hawa wasipate neno, na yeye aliyepona apate gwaride.

Tarehe 20 Januari 2008 alifariki Louis de Cazenave, mwenzake aliyekuwa naye na umri wa miaka 110. Sasa Lazare alibaki peke yake, na swali likarudi mlangoni kwake. Baada ya kutafakari, alikubali kwa sharti: ibada iwe ya kawaida, pasiwe na mbwembwe wala gwaride kubwa, na heshima hiyo itolewe kwa jina la wote waliokufa, wanaume na wanawake.

Hapa ndipo tunapoielewa ile safari yake ya kila mwaka kwenda kwenye mnara. Alisimulia kwamba kule mahandakini, kabla ya kupanda kwenda kushambulia, askari walikuwa wakiagana. Waliombana ahadi: atakayepona amkumbuke atakayekufa. Ilikuwa ahadi ya vijana wasiojua kama wataliona jua likitua, nao hawakuwa na hati wala shahidi. Lazare aliitunza kwa zaidi ya miaka 90. Kukubali kutukuzwa peke yake, kwake yeye, kungekuwa kuivunja ahadi hiyo.

Alifariki dunia nyumbani huko Le Kremlin-Bicêtre tarehe 12 Machi 2008, akiwa na umri wa miaka 110. Tarehe 17 Machi 2008, katika juma lenyewe la Juma Kuu, ibada ya mazishi yake ilifanyika katika kanisa la Mtakatifu Ludoviko la Les Invalides jijini Paris. Jeneza lake lilibebwa na askari wa Jeshi la Kigeni, jeshi lile lile lililompokea alipokuwa kijana wa ugenini. Bendera zilipepea nusu mlingoti nchini kote. Rais Nicolas Sarkozy alihudhuria, na siku hiyo ilizinduliwa bamba la kumbukumbu ya askari wote wa vita vile. Katika majengo hayo hayo ya Les Invalides wamezikwa Mfalme Napoleon na Jemadari Ferdinand Foch, aliyeongoza majeshi ya washirika mwaka 1918. Lazare hakubaki huko. Baada ya ibada alipelekwa katika makaburi ya Ivry, akalazwa katika kaburi la familia yake.

Wafu wetu wa vita vile

Ndugu msomaji, vita hivyo havikuwa vya Ulaya pekee. Vilipiganwa pia katika ardhi yetu ya Afrika Mashariki, kuanzia mwezi Agosti 1914, yakiwemo mapigano ya Tanga mwezi Novemba mwaka huo, hadi Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck aliposalimisha silaha zake huko Abercorn, ambayo leo huitwa Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya mkataba wa kusitisha mapigano kutiwa sahihi Ulaya. Mahali ambapo hapakuwa na reli wala barabara, na wanyama wa mizigo waliuawa na mbung'o, mizigo ya majeshi yote mawili ilipanda juu ya vichwa vya watu. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa njaa, kuhara na homa kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo, tunalolitamka kila siku tukienda sokoni, limetokana na jina la Kiingereza la kikosi chao.

Katika miaka ya 1920 ilisimamishwa minara ya kumbukumbu yao katika miji ya Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, na maandishi ya Kiswahili yamechorwa humo. Lakini wengi wa wapagazi hao hawana kaburi linalojulikana wala jina lililoandikwa. Walizikwa kando ya njia, na mizigo yao ikachukuliwa na wengine. Babu zetu hao hawakupata mwenzao wa kuishi miaka 110 na kusimama mbele ya mnara kila Novemba.

Hapo ndipo imani yetu inapotupatia wajibu na faraja. Katika parokia zetu, mwezi huu wa Novemba, waamini huleta bahasha zenye majina ya marehemu wao, nasi mapadre huzisoma na kuziweka karibu na altare. Wakati mwingine orodha ni ndefu, na watoto huanza kusinzia. Lakini kila jina linalosomwa ni ahadi inayotimizwa. Tunapowaombea wafu katika Ekaristi Takatifu hatufanyi kumbukumbu ya kihistoria tu. Tunakiri kwamba wako mikononi mwa Mungu aliye hai, ambaye hajapoteza jina hata moja, na kwamba upendo wetu kwao ungali na kazi ya kufanya. Ukumbusho wa Marehemu Wote, tarehe 2 Novemba, unawakumbatia pia wale ambao hakuna aliyebaki wa kuwataja.

Basi nawaalika, wapendwa, mambo mawili mepesi. La kwanza: mnapoandika majina ya marehemu wenu, ongezeni mstari mmoja kwa ajili ya wale waliokufa vitani na njiani bila jina. Mungu atajua ni akina nani. La pili: tusingoje wazee wetu wabaki mmoja ndipo tukumbuke kuwaheshimu. Katika jumuiya zetu ndogo ndogo wapo wazee waliopigana, wapo akina bibi waliolea watoto wakati waume zao wakiwa mstari wa mbele, na wapo waliohifadhi wakimbizi katika nyumba zao. Wanakaa barazani wakisubiri mtu wa kuwauliza. Twende tukawasikilize wangali hai, tuwapelekee Komunyo Takatifu wale wasioweza kutembea, na tuandike majina wanayoyataja.

Lazare Ponticelli aliishi muda mrefu kuliko karibu kila mwanadamu wa kizazi chake, na miaka hiyo aliyopewa aliitumia kulipa deni la kukumbuka. Bwana awape pumziko la milele yeye, yule Mjerumani mwenye watoto wawili, yule Mfaransa mwenye watoto wanne, wale Waaustria waliotoa tumbaku yao, na wapagazi wa nchi yetu waliolala njiani na mizigo yao. Na mwanga wa milele uwaangazie wote. Amina.